Anga Safi, Upepo Mdogo

Tarehe 2 Machi

Kwako mdogo wangu, Mkuu,

Salamu nyingi, zaidi ya mchanga wa huko kwenu. Sisi wazima, isipokuwa shemeji yako ambaye ametegua mguu akishuka kitandani. Kitandani! Mtu anabeba majokofu ya watu mpaka ghorofa ya nne hayamfanyi kitu, halafu anaangushwa na godoro. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo niko kwenye cherehani nashona sketi za bluu mpaka naota bluu.

Mama hajambo. Magoti yanamsumbua asubuhi, mchana yanamsahau. Sasa kaa kwenye hicho kiti chako cha ukubwa unisikilize. Mama anataka kuja huko. Anataka kuuona Mlango wa Mawe aliokuwa akiutaja marehemu Baba mpaka siku zake za mwisho. Unakumbuka alivyokuwa akisema? "Nimejenga milango ya watu miaka arobaini, nataka kuuona mmoja uliosimama bila saruji." Hakujaliwa. Mama anasema ataenda kumwonea.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mwanao ndiye mkuu wa hifadhi nzima, nani atakuzuia langoni? Picha yako ya kofia bado iko ukutani juu ya redio, pale pale Baba alipoipigilia. Mgeni hanywi maji kwetu kabla hajaoneshwa.

Tuambie mwezi gani unafaa.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imekuja na lori la maji. Unajua huku simu haishiki, na lori lenyewe huja Alhamisi moja likaruka nyingine, kwa hiyo usinihesabie siku. Mpe shemeji pole. Mwambie mtu mzima hulala chini.

Nafurahi Mama anatukumbuka. Lakini Dada, jangwa si mahali pa kumleta mtu wa umri wake. Joto la huku ni la kuapia. Kuna mijusi inasimama kwa zamu, miguu miwili chini, miwili juu, halafu inabadilisha, kwa kukwepa kuungua. Na hao ndio wenyeji.

Na huo Mlango, nikwambie ukweli, watu wanaukuza. Ni jiwe lenye tundu. Kubwa, ndiyo, nyumba ya ghorofa inapita, lakini ni tundu. Halafu kuna Ngamia Aliyelala, ambaye ni mlima unaofanana na ngamia ukishaambiwa kwamba ni ngamia. Kuna kilima cha mchanga kinachonguruma. Kinanguruma kikitaka, na wageni wakija hakitaki. Ngazi za kupanda Mlangoni ni mia mbili na kumi na mbili. Magoti ya Mama yatasema nini?

Afadhali tungoje mwakani. Na mimi majukumu yamenizidi, nina watu wengi chini yangu.

Mdogo wako


Tarehe 10 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mguu wa shemeji umepona, sasa anakigonga kile kitanda kama adui.

Mwakani. Hilo neno nalijua. Baba ulimwambia mwakani kwa sababu ngazi zinatengenezwa. Akangoja. Ukamwambia mwakani, joto limezidi. Akangoja. Ukamwambia mwakani, jiwe limepata ufa, wataalamu wanalichunguza. Mwaka uliofuata alikuwa hayupo.

Sikulaumu, kazi ya ukubwa ina mambo yake. Lakini hata kumzika hukuja, na hilo nalo tulilimeza. Tulikungoja mpaka saa kumi jioni, mafundi wenzake wote wamesimama na koleo mkononi, ndipo ujumbe wako ukafika kwamba dhoruba ya mchanga imefunga barabara. Mama akasema, "Mchanga hauna adabu." Akawaambia waendelee. Mpaka leo akisikia habari za upepo kwenye redio anaizima.

Kwa hiyo usimwambie Mama mwakani. Magoti ni yake, ngazi ataziweza kwa makalio ikibidi, ndivyo alivyosema mwenyewe.

Dada yako


Tarehe 2 Mei

Dada,

Salamu kwa wote. Nimekuelewa. Ila kuna jambo nilisahau kukueleza: nge. Mwaka huu wamekuwa wengi kweli. Na choo cha wageni kina hitilafu. Nisingependa Mama aone hifadhi yangu katika hali hiyo.

Nafikiria tu afya yake.

Mdogo wako


Tarehe 23 Mei

Mkuu wa nge,

Tumekata tiketi za basi la watalii. Tunafika tarehe 12 Julai mchana, tunaondoka jioni na basi hilo hilo. Mama nimemshonea gauni la kitambaa kizito kwa ajili ya jua, la bluu, kile kilichobaki kwenye sketi. Anasema atajiona kama anaanza darasa la kwanza.

Amewaambia majirani wote. Anasema utatupokea na ile kofia.

Kama una la kusema, sema sasa.

Dada yako


Tarehe 13 Juni

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima. Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, sijui, simama.

Mimi si mkuu wa hifadhi. Sijawahi kuwa, hata siku moja mkuu akiwa na homa. Mkuu wetu ni mama mmoja mfupi mwenye sauti kama king'ora, na anaifanya kazi yake vizuri. Mimi nafagia ngazi. Nafagia mchanga, Dada, jangwani. Ukitaka kucheka cheka, mimi nimeshacheka miaka kumi na moja. Upepo unaupandisha, mimi naushusha, kesho yake unaupandisha tena. Nadhani kuna punje tunajuana kwa sura. Zaidi ya hapo nainua kizuizi cha lango gari likija, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kila asubuhi naandika hali ya hewa kwenye kitabu kikubwa pale langoni. Anga, upepo, joto. Basi, cheo changu kimeishia hapo.

Nilipokuandikia kwamba nina watu wengi chini yangu, nilikuwa nimekaa ngazi ya mia mbili, na wageni wako chini wanapanda.

Kofia ilikuwa hivi. Mwaka wangu wa kwanza, mkuu wa wakati ule aliiacha juu ya kizuizi akaenda kunywa maji. Mgeni mmoja alikuwa na kamera ya zile zinazotoa picha papo hapo. Nikaivaa, nikatoa kifua, watu wakacheka. Nikaituma nyumbani mcheke. Nyuma yake sikuandika kitu, naapa. Baba ndiye aliyejibu: "Nilijua tangu utotoni wewe utakuwa mkubwa. Nimewaonesha mafundi wenzangu wote." Ungefanya nini? Mimi niliandika, "Asante, Baba." Uongo wangu wote ulianza na maneno hayo mawili ya adabu.

Miaka ikapita, ndipo akataka kuja. Ngazi hazikuwa zinatengenezwa. Jiwe halikuwa na ufa. Jiwe lile litatuzika sote. Mimi ndiye nilikuwa na ufa. Kila nikifikiria anashuka kwenye gari na suruali yake ya kutokea, anauliza, "Mkuu yuko wapi?", halafu watu wananinyooshea kidole na fagio langu, nachukua kalamu, naandika mwakani. Nilimnyima mzee mlango ili asiuone ufagio. Na alikuwa mtu wa namna gani? Fundi mwashi. Mtu aliyefagia vumbi la saruji kila jioni ya maisha yake kabla ya kurudi nyumbani. Yeye ndiye nilimwonea aibu ya ufagio.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo nimelizunguka kurasa mbili. Siku ya mazishi habari zilinifikia mapema kwa redio ya ofisi. Mkuu mwenyewe alinipa ruhusa na pole. Lori la maji lilikuwa linaondoka saa nne. Nikapanda na begi langu. Dereva akawasha gari. Nikawaona mafundi wote wale wamesimama kaburini wananipisha njia, "Mpisheni Mkuu, mpisheni," na mimi napita katikati yao kwenda kumfukia mtu niliyemfungia mlango miaka mitatu. Nikamwambia dereva, "Subiri, nimesahau kitu." Nikashuka. Sikupanda tena. Nikaomba redio, nikasema dhoruba.

Hakukuwa na dhoruba. Nilikuwa nimeshaandika kitabuni asubuhi ile ile, kwa mkono wangu: anga safi, upepo mdogo. Nilikwenda kwenye ngazi nikafagia zote mia mbili na kumi na mbili, na hapakuwa na mchanga. Nilifagia ngazi tupu mpaka jua likazama.

Mwambie Mama, au usimwambie. Njooni, au msije. Nakuachia wewe kwa kuwa mimi sijui kuamua jambo bila kuliharibu. Ila mkija mtanikuta na fagio mkononi. Kofia siazimi.

Mdogo wako, mfagiaji


Tarehe 15 Julai

Dada yangu, Dada yangu,

Mmefika salama? Mwili wa Mama unauma? Mwambie ni kawaida, ngazi zinauma siku ya pili.

Sijui nianzie wapi kushukuru. Tangu mwezi wa sita nilikuwa nangoja jibu lako na halikuja, nikasema basi, wameninyamazia. Siku basi linaingia, nilishika fagio mpaka likawa ndilo limenishika mimi. Mama akashuka na gauni lake la bluu. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema:

"Mkuu mzima na fagio!"

Nikasema, "Mama, ndiyo kazi yangu."

Akasema, "Ndiyo hasa. Mkubwa wa kweli hutangulia yeye. Na ile kofia?"

"Iko kwa mwenyewe, Mama."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Iko kwa mwenyewe! Msikieni!" Na mimi nikacheka, huku machozi yananitoka. Miaka kumi na moja nimeiogopa siku ile, kumbe ilikuwa ni mzaha wa nusu dakika. Ndivyo Mama anavyosamehe, nilijisemea, anakutania mara moja, yameisha.

Halafu mkuu wetu akapita, nikajua sasa ndiyo king'ora. Akamshika Mama mkono akasema, "Huyu ndiye nguzo yetu. Bila yeye hakuna anayefika juu." Mama akajibu, "Najua, mwanangu, ndiyo malezi." Na hakuna aliyesema uongo hapo!

Nitaikumbuka mpaka nakufa ile saa aliyofika juu. Alipumzika ngazi kumi na tisa, nilizihesabu. Alisimama chini ya Mlango. Akaweka kiganja kwenye jiwe, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akauliza, "Huu amejenga nani?" Nikasema hakuna, Mama, ni upepo na mchanga, miaka na miaka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Baba yako angesema umepinda. Angetoa timazi aupime." Kisha akakaa chini katikati yake, kivulini, akakataa kuondoka mpaka basi lilipopiga honi mara tatu.

Na wewe Dada. Tulipofika langoni na Mama akakiona kitabu cha hali ya hewa, akaomba umfungulie, "Nataka kuiona ile siku, niuone huo mchanga uliokuzuia," nilijua la dhoruba hukumwambia, na pale ndipo nitakapovuliwa nguo. Wewe ukafungua ukurasa, ukatulia, ukasoma kwa sauti: "Dhoruba kali." Nikasema moyoni, huyu kweli ni damu yangu, ananisitiri mbele ya mwandiko wangu mwenyewe. Ulikuwa kimya tangu hapo mpaka mnapanda basi. Najua ulichoka.

Leo nimefagia naimba. Wageni wameshangaa.

Mdogo wako mliyemsamehe


Tarehe 17 Julai

Wewe,

Tumefika tangu tarehe 13. Mama mzima, miguu inamuuma na hataki mtu aiguse, anasema ni maumivu yake aliyoyapanda mwenyewe.

Nyuma ya mlango nimekuta barua yako ya tarehe 13 Juni. Imeletwa tukiwa huko kwako. Bahasha imejaa grisi na juu yake dereva ameandika kwa penseli: SAMAHANI EKSELI. Nimeulizia. Lori lilivunjika ekseli njiani likalala gereji karibu mwezi mzima, barua zenu zote ziko chini ya kiti.

Kwa hiyo nikueleze, mfagiaji. Tulipokuja huko tulikuwa hatujasoma kitu. Mama alipokukuta na fagio aliona mkuu asiyejikweza. Tangu arudi amepita nyumba kwa nyumba. "Mwanangu ni mkubwa kule lakini anafagia ngazi kwa mkono wake, kofia hata haivai." Jirani yetu mwalimu amesema atalitumia kama mfano darasani.

Na mimi je? Mimi nilifungua kile kitabu nikatafuta siku ya Baba, nikakuta "anga safi, upepo mdogo." Nilikuwa sijui lolote. Nilikijua kilichoandikwa hapo sekunde ile ile, Mama amesimama begani kwangu bila miwani, anangoja nisome. Ningefanya nini? Nilisema dhoruba. Usidhani nilikusitiri wewe, nilimsitiri yeye. Na kimya changu mpaka tunapanda basi, usidhani ni uchovu. Nilikuwa najizuia nisikupige na lile fagio mbele ya watalii.

Umenifanya mwongo nikiwa na miaka hamsini na mbili.

Nikupe uamuzi, maana uliniachia mimi na mimi nakurudishia. Nimsomee Mama hii barua, au nisimsomee?

Dada yako


Tarehe 6 Agosti

Dada,

Barua zetu zimepishana, umeshaona nilichokuandikia tarehe 15. Kichome. Au usikichome, kiweke, nikianza kujisifu unisomee.

Sikujua habari za ekseli. Maji yaliletwa na lori jingine, nikadhani dereva wetu yuko likizo.

Kwa hiyo Mama hakunisamehe. Nilijisamehe mwenyewe kwa sauti yake. Nilipomwambia "ndiyo kazi yangu" nilisema ukweli kwa mara ya kwanza, na hata huo ukaenda kukaa kwenye uongo kama ndege aliyezoea kiota. Nimecheka, Dada. Nilikuwa kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka mgeni mmoja akanipa maji.

Wiki mbili nimejiuliza. Kuna sauti inaniambia, mwache bibi wa watu na furaha yake, amepanda ngazi zote zile, utamshusha kwa karatasi? Hiyo sauti naijua. Ndiyo iliyokuwa ikiandika mwakani.

Msomee. Yote. Ukifika kwenye lori na begi usiruke, ukifika kwenye kitabu usibadilishe. Na pole kwa uongo niliokutwika. Huo wako nao nauhesabu kuwa wangu.

Mdogo wako


Tarehe 20 Agosti

Mdogo wangu,

Nimemsomea jana mchana. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Rudia." Nikarudia. Akamaliza mchele, akauosha, akauweka motoni, ndipo akasema, "Lete kalamu." Yanayofuata ni yake, sikuongeza wala kupunguza. Nimeshaacha hiyo kazi.

"Mwanangu. Nimesomewa mara mbili, nimesikia. Kumbe mkuu anayefagia hayupo, yupo mfagiaji. Haya. Majirani nilishawaambia nyumba kwa nyumba, na sirudi nyumba kwa nyumba kukanusha, nina magoti. Utakuja kukanusha mwenyewe.

Uongo wa kazi nausamehe, umeurithi. Baba yako aliponiposa alisema ni kontrakta. Nilikwenda kumpelekea chakula nikamkuta amebeba karai la zege kichwani. Alinikimbia na karai lake. Nilikula kile chakula peke yangu na nikaolewa naye.

Uongo wa dhoruba sijausamehe. Kwa mwaka na nusu nimeutukana mchanga usio na kosa. Nimekuja mpaka huko nikapanda juu yake nikiwa nimeukasirikia. Na wenzake baba yako walisimama na koleo mpaka saa kumi kukungoja wewe. Hilo halifutwi kwa karatasi.

Picha iko ukutani. Msumari alipigilia yeye, siungoi.

Kaburi la baba yako limejaa majani makavu. Njoo ufagie. Kazi unaijua."


Tarehe 3 Septemba

Mama, na Dada,

Shikamoo Mama. Nawaandikia nikiwa langoni, begi liko mguuni. Barua hii sitampa dereva, nitaileta kwa mkono wangu, maana nimechoka na ekseli.

Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Mkuu ameniuliza nani atafagia, nikamwambia mchanga unaweza kungoja, una tabia nzuri kuliko mimi. Fagio nimelifunga kwenye begi, limetokeza mpini nje. Nitaanza na mafundi. Nitapita kwa kila mmoja aliyeshika koleo siku ile, nikimaliza ndipo majirani, na yule mwalimu nitamwomba anisimamishe mbele ya darasa kama mfano mwingine. Kaburini nitakwenda mwisho, nikiwa sina jina lolote.

Sasa sikieni maajabu. Tangu alfajiri kuna dhoruba. Ya kweli, Mama. Nimeandika kitabuni: anga haionekani, upepo mkali sana. Mlango wa Mawe umepotea, Ngamia amepotea, kile kilima kisichotaka kuwangurumia wageni leo kinanguruma mpaka vioo vya ofisi vinatetemeka. Kizuizi cha lango kiko hatua kumi na sikioni. Miaka kumi na moja sijaona kama hii, na imekuja leo.

Dereva amefunga kitambaa usoni, amenijia sasa hivi. Anasema twende kesho, hata kwenu wataelewa, hakuna mtu wa kulaumiwa kwa dhoruba.

Nimemwambia awashe gari twende polepole. Hiyo sababu nilishaitumia.